Barua kwa Mwanangu: Swali la Mwisho la Bibi Yako

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Nimechelewa kukuandikia, najua. Tulimzika bibi yako Jumamosi, na tangu siku hiyo nyumba haijaisha wageni. Leo ndiyo mara ya kwanza naipata meza isiyo na vikombe vya watu. Shangazi yako alinishauri nikupigie tu. Nikamwambia simu tulishapigiana, ukalia, nami nikalia, na hakuna aliyepata la kusema.

Kwenye simu ile uliniuliza: bibi alisema nini mwisho? Nikakuzungusha, nikasema ameondoka kwa amani. Ni kweli, lakini hilo silo ulilouliza. Kama saa tatu usiku alifumbua macho, akanitazama kama mtu anayemtazama kibarua aliyechelewa, akasema, "Mbaazi zimerowekwa?" Nikamjibu, ndiyo mama. Hakusema tena. Alfajiri akaenda zake.

Mbaazi hazikuwa zimerowekwa. Nani angekumbuka mbaazi usiku ule? Lakini saa kumi na mbili asubuhi wateja wake wakaanza kufika na bakuli zao kama kawaida: watoto wa shule, makondakta, yule mzee wa boda anayetaka mahamri matatu yasiyo na mafuta. Wakakuta karai limegeuzwa chini juu. Hakuna aliyeuliza. Mtoto mmoja akarudi mbio kwao, na nadhani mtaa mzima ulijua kwa mbio zile.

Sasa nikuambie la kanisani, maana utaletewa karatasi ya maziko na utasoma wasifu wake. Imeandikwa kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Iliposomwa, mstari mzima wa akina mama ulikohoa. Bibi yako! Aliyemrudisha muuza nazi sokoni mara mbili kwa nazi moja koroma! Wewe unalikumbuka jambo la sufuria ile? Ulikuwa mdogo. Sufuria kubwa ya akina mama wa kanisa ilipotea baada ya harusi fulani, na mwenzake mmoja akasema mbele ya watu kwamba aliyeonekana nayo mara ya mwisho ni bibi yako. Basi. Kwa muda wa karibu miaka miwili alikwenda ibada kila Jumapili, akaimba, akatoa sadaka, lakini wenzake walipoinuka kwenda mezani kwa Bwana yeye alibaki kitini. Nikamwuliza kwa nini anajiadhibu. Akaniambia, "Sijiadhibu. Siwezi kuendea meza ile na moyo umefungwa fundo, na fundo hili bado nalipenda."

Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonikaa kama maneno hayo, na nimesikia mahubiri mengi.

Sufuria haikupatikana hadi leo. Ila yule mwenzake alipofiwa na mumewe, bibi yako alichota mbaazi, akafunga mahamri kwa kitambaa, akaenda. Alikaa huko hadi usiku. Jumapili iliyofuata walisimama pamoja. Hakunisimulia waliyoongea, na mimi sikuuliza. Lakini ungemwona mama yule wiki hii: mzee sasa, magoti mabovu, na siku zote tatu za matanga alikaa na mwiko mbele ya chungu, hakumwachia mtu kupakua. Huyo ndiye angeandikwa kwenye wasifu.

Khala wa nyumba ya pili alileta sinia za pilau jioni mbili mfululizo na kukaa mkekani na shangazi yako. Alitukumbusha kitu ambacho sisi wa ndani tulishakizoea hata hatukioni: mwezi wa Ramadhani ulipoingia, bibi yako alihamisha karai lake kutoka alfajiri hadi alasiri, akakaanga mahamri na kaimati za futari, na wateja wa asubuhi, Wakristo wenzake, wakanung'unika hadi Idi. "Mtangoja," alikuwa akiwaambia. Khala alilia akicheka.

Nakuandikia haya kwa sababu una jina lake. Tangu ubatizo wako nakuita mama, na kumbe kwa miaka yote hiyo nilikuwa na mama wawili.

Tulipokuwa tukimpeleka, gari lilinasa kwenye foleni pale Kengeleni, matatu huku na tuktuk huku, hatua chache kutoka kwenye kengele yenyewe. Unajua alivyokuwa akikuonyesha kengele ile kila mkipita. Freretown, mtaa wenye kengele hiyo, ilianzishwa na wamishenari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Babu yake alishushwa hapa akiwa mtoto, hajui kwao ni wapi, hajui hata jina alilopewa na mamake. Bibi yako hakulisimulia hilo kwa huzuni. Alisema, "Sisi kwetu ni kengeleni," kisha akaendelea kukanda unga. Tukakaa kwenye foleni ile kama dakika kumi. Dereva aliomba radhi. Nikamwambia asijali, hapa mama hana haraka.

Mimi ndiye niliyesoma somo, Yohana 14. Nikafika penye neno "njia", nikalisoma kama lilivyochapishwa. Shangazi yako nyuma yangu akanong'ona, "Ndia." Maana bibi yako hakutamka njia hata siku moja, hata akiwa ameishika Biblia ya 1952 mkononi. Kwake ilikuwa ndia, na macho ni mato, na wewe ulikuwa "ndoo hapa" tangu unatambaa. Nikarudia mstari, nikasema ndia. Mchungaji akaniangalia. Akina mama wakaitika amina kabla sijamaliza.

Mambo mengine ni madogo. Wajukuu wote walibeba mashada, mvua haikunyesha, mahema yamerudishwa. Zile siku bibi yako alizovuka daraja la zamani la kuelea la Nyali na beseni kichwani kwenda kuwauzia makuli, kabla ya hili la sasa kufunguliwa 1980, zilitajwa na kila aliyeshika maikrofoni, na kila mmoja akaliongeza beseni ukubwa.

Kulikuwa na daftari la madeni. Nilitaka tulichome. Kabla sijalifikia, akaja kijana wa stendi, akavua kofia, akaniwekea shilingi 60 mkononi: mahamri ya Jumatatu na Jumanne. Nikaanza kukataa, shangazi yako akanipiga kiwiko. "Angezipokea," akasema. Nikazipokea, nikamfutia jina.

Najua mtihani ndio uliokuzuia, na yeye ndiye aliyesema usiondolewe kwenye mtihani kwa sababu yake. Alisema hivyo mwezi mzima kabla. Kwa hiyo usijihukumu. Nakutumia kifurushi kwa basi la Ijumaa usiku: leso zake mbili, ile ya bluu na ile iliyofifia, na Biblia. Noti na sarafu za yule kijana nimezitia ndani, Yohana 14. Leso usizifue kwa maji moto.

Karai limechukuliwa na shangazi yako. Jumapili usiku ataroweka mbaazi. Ameniomba nikae macho nimkumbushe.

Ni mimi,
Babako