Fundi sauti mwenye usikivu hafifu asiachishwe kazi

Mhariri,

Studio za kwaya hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, zina mafundi waliochoshwa masikio na spika. Mara nyingi kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba za karibu na hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), hivyo fundi huongeza trebo, yaani sauti nyembamba, bila kujua, na herufi "s" ya mwimbaji inachoma kama sindano. Kumfukuza si dawa.

Apime usikivu, apewe chati ya kila sikio, aibandike kando ya kompyuta. Pengo la usikivu linaloonekana kwenye chati asilijazie kwenye wimbo. Ni lake, si la msikilizaji. Pale asiposikia atazame grafu ya masafa, inayoonyesha kwenye kompyuta nguvu ya sauti nene hadi nyembamba, alinganishe na wimbo mwingine uliochanganywa vizuri, nyimbo zote mbili kwa ukubwa uleule wa sauti.

Sikio moja likiwa dhaifu, ageuze hedifoni kushoto kulia. Sauti ikiendelea kuegemea sikio lilelile, tatizo ni sikio. Ikihamia la pili, tatizo ni mchanganyo wa wimbo au hedifoni yenyewe.

Anayevaa kifaa cha usikivu aombe kiwekewe programu ya muziki, maana ile ya mazungumzo huidhania noti ndefu ya kinanda kuwa mluzi wa kifaa chenyewe na kuikata.

Na wenye studio, punguzeni sauti! Sauti ya desibeli 85, mwisho ni muda wa saa 8 kwa siku. Zikifika 88, muda wa saa 4 tu.

Mafundi sauti,
Mbeya