Risala ya Akina Mama kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Unyonyeshaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mfawidhi, wauguzi wetu, viongozi wa mtaa, bibi zetu, akina baba mliowasindikiza wake zenu, na watoto wetu wote mliobebwa hapa leo, tunawasalimu sana. Mgeni rasmi karibu, umetupa heshima kubwa kuja zahanati hii ndogo.

Mheshimiwa, tuna mambo mengi ila leo tumeona tuliongelee hasa hili la dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo. Mpaka leo kwenye mitaa yetu mama akijifungua anaambiwa hayo machafu, yamekaa titini mda mrefu, kamua umwage, alafu mtoto anapewa maji ya sukari kusubiria maziwa yenyewe yashuke, na anayesema hivo wala sio mtu mbaya, ni mama mkwe au shangazi anayempenda huyo mjukuu kweli kweli, ndo maana inakuwa ngumu kumbishia ukiwa umelala hapo na mshono unauma.

Tunachoomba kijulikane ni kwamba yanayomwagwa pale ndo kinga yenyewe. Mtoto anazaliwa na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, hizo zipo kwenye damu na zinapungua kadri miezi inavyoenda, ila koo na utumbo wake bado ni wageni kabisa wa hii dunia. Sasa dang'a imejaa kingamwili inayoitwa IgA, kwa kiasi kikubwa mara nyingi kuliko maziwa ya baadae, na hii haimeng'enywi kirahisi, inatanda kwenye koo na utumbo, mdudu wa kuharisha akija ananaswa kabla hajajishika ukutani. Ukiangalia dang'a inatoka tone tone, hata kijiko hakijai, lakini tumbo la kichanga ni dogo na hayo matone yanamtosha.

Na sio IgA peke yake. Kuna laktoferini inayokamata madini ya chuma ili bakteria wayakose washindwe kuzaliana, kuna laisozaimu inayobomoa kuta za bakteria, kuna seli nyeupe za damu zilizo hai kabisa, na kuna sukari za aina zaidi ya 150 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, sisi wenyewe tulishangaa tulipoelezwa, kumbe kazi yao ni kulisha bakteria wazuri wa tumboni mwake, na baadhi ya wadudu wabaya wanazing'ang'ania wakidhani ndo ukuta wa utumbo, wanatoka nazo kwenye nepi.

Mgeni rasmi, wengi wetu hapa ni wauza mboga na mama lishe. Mama akipata mafua au tumbo huko sokoni, seli zake za kinga zikishamtambua yule mdudu baadhi zinasafiri mpaka kwenye titi na kutengeneza kingamwili za mdudu huyo huyo, mtoto anazinyonya. Ndo maana tunawaambia wenzetu usimwachishe mtoto eti kwasababu unaumwa mafua, mpe tu, nawa mikono. Na mama mwenye VVU anayemeza ARV zake vizuri ananyonyesha, afuate tu maelekezo ya kliniki. Chanjo nazo ziko palepale, maziwa hayachukui nafasi yake.

Maombi yetu mheshimiwa. La kwanza, elimu iwafikie mabibi na akina baba, maana kuanza kunyonyesha ndani ya saa 1 na kumpa maziwa ya mama tu miezi 6 bila hata tone la maji, mama peke yake nyumbani haliwezi hilo kama kila mtu anampinga. La pili, sokoni tutengewe chumba, hata kidogo chenye benchi na maji ya kunawa, sasa hivi tunanyonyesha kwenye jua katikati ya vumbi. La tatu, wenzetu walioajiriwa, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inawapa likizo ya siku 84, mapacha 100, na wakirudi kazini mpaka masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha, lakini hayo masaa wengi wanaogopa hata kuyataja kwa bosi. Tunaomba ofisi yako iwakumbushe waajiri kwa barua, sio kwa mdomo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.