Irene Dunne hakuwa pambo la Cary Grant

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya burudani mliyoichapa hivi karibuni kuhusu filamu za vichekesho za Hollywood za miaka ya 1930. Mwandishi alimweleza mwigizaji Cary Grant kwa ufasaha, na hapo sina ugomvi naye. Lakini alipofika kwa wanawake walioigiza na Grant, aliwamaliza wote kwa sentensi moja: kwamba walikuwa warembo waliowekwa mbele ya kamera ili mwanamume apate wa kumfanyia vituko. Irene Dunne, aliyeigiza naye filamu tatu na ambaye katika filamu hizo jina lake lilikuwa kubwa kuliko la Grant au sawa nalo, hakutajwa kabisa.

Dunne alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 20 Desemba 1898, ingawa kwa miaka mingi watu wa matangazo walimpunguzia umri. Baba yake, aliyekuwa mkaguzi wa meli za mvuke, alifariki binti huyo akiwa bado mdogo, na mama yake, mpiga piano, akahamia na watoto Madison, Indiana. Dunne alisomea muziki Chicago akilenga kuwa mwimbaji wa opera, lakini Metropolitan Opera ya New York ilimsikiliza ikamkataa. Akageukia michezo ya kuigiza yenye nyimbo, na mwaka 1929 akapewa nafasi ya mhusika Magnolia katika ziara ya mchezo wa jukwaani wa Show Boat. Mwaka uliofuata akawa na mkataba na studio ya RKO. Filamu ya Cimarron ya 1931 ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo studio zikamfanya mwanamke wa machozi: mara mpenzi wa siri wa mume wa mtu, mara mjane aliyepofuka.

Aliingia kwenye vichekesho shingo upande. Studio ya Columbia ilipompa filamu ya Theodora Goes Wild mwaka 1936, alifunga safari ya Ulaya akitumaini kwamba studio ingechoka kumngoja na kumtafuta mwingine. Haikuchoka. Katika filamu hiyo ni binti mtulivu wa mji mdogo, mpiga kinanda kanisani, ambaye kwa siri ameandika riwaya ya mapenzi inayowakasirisha wanawake wachaji wa mji huo, wakiwamo shangazi zake mwenyewe. Kicheko kinatoka hapo hasa: mtazamaji amezoea kumwona Dunne akiwa mtu wa staha, na sasa staha hiyo inavuliwa kipande kwa kipande na mwenyewe anaonekana kuifurahia kazi hiyo.

Msomaji wa leo akumbuke pia kwamba tangu katikati ya 1934 studio zilikuwa zikitii kwa ukali kanuni za maadili zilizokataza mambo mengi ya chumbani kuonyeshwa. Mapenzi ya watu wazima yakalazimika kupita kwenye maneno, ugomvi, uongo na kasi ya mazungumzo. Mzigo wa mwigizaji wa kike ukawa mzito zaidi kuliko wa kukaa akapendeza.

Ushahidi wangu mkubwa ni The Awful Truth ya 1937, iliyoongozwa na Leo McCarey, mtu aliyependa kuwabunia waigizaji maneno papo hapo kiasi kwamba Grant aliomba aondolewe katika filamu. Mke na mume wanaachana, wanagombania mbwa mahakamani, na kila mmoja anamharibia mwenzake uchumba mpya. Katika tukio moja mume anavamia nyumba ya mwalimu wa muziki akidhani atamfumania mkewe, kumbe mke anaimba mbele ya wageni waalikwa. Mume anajikalisha nyuma kwa aibu, anaegemeza kiti, anaanguka nacho kwa kishindo. Grant ndiye anayeanguka, na mwandishi wenu bila shaka angempa yeye sifa zote. Lakini mtazame Dunne: anamwona, anaendelea kuimba, na kicheko kinapomponyoka anakiingiza ndani ya noti za mwisho za wimbo bila kukosa mapigo. Hakuna mrembo wa kupamba tu anayeweza kufanya hivyo. Hiyo ni miaka ya mazoezi ya sauti, inayotumika mahali ambapo walimu wake wa opera hawakupafikiria. Baadaye katika filamu hiyohiyo anajifanya dada mshamba wa mumewe, anaingia katika nyumba ya matajiri wakwe watarajiwa, na kuwachezea ngoma ya ukumbi wa usiku sebuleni. Tukio lile ni lake, na Grant anabaki kumtazama.

McCarey alipata Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu hiyo. Dunne aliteuliwa, akakosa, kama alivyokosa kwa Cimarron, Theodora Goes Wild, Love Affair ya 1939 na I Remember Mama ya 1948. Mara tano, na tuzo hakuipata hata moja. Mwaka 1936 na 1937 aliyeshinda alikuwa Luise Rainer, kwa filamu ambazo si za vichekesho, na sioni sababu ya kuficha kwamba kwa maoni yangu mara zote mbili wapigaji kura walikosea.

Kusahaulika kwake kuna sababu nyingine ambayo makala yenu ingeweza kuigusa. Filamu zake zilipendwa mno na studio kiasi cha kutengenezwa upya: Love Affair ikawa An Affair to Remember, My Favorite Wife ikawa Move Over, Darling, na Anna and the King of Siam ikapitwa kwa umaarufu na The King and I. Filamu yake ya Show Boat ya 1936 iliondolewa kwenye kumbi kwa miaka mingi baada ya studio ya MGM kununua haki ili itoe ya kwake mwaka 1951. Watu walizijua nakala, wakakosa kuona asili.

Yeye mwenyewe aliacha filamu mwaka 1952 bila kelele, na mwaka 1957 Rais Eisenhower akamteua kuwa mjumbe mbadala wa Marekani katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alifariki Los Angeles tarehe 4 Septemba 1990.

Kwa kuwa makala yenu iliahidi sehemu ya pili, naomba mwandishi aitazame The Awful Truth tena kabla hajaiandika, safari hii macho yakiwa kwa Dunne.

Msomaji wenu,
Tanga