Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuwa nasi. Karibu sana Kigoma, mwisho wa reli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ni ya wanafunzi wa PCM, kidato cha tano na cha sita. Mwaka huu tumejifunza kifaa kimoja tu: kalorimita ya hadroni inayotumia gesi, yaani kifaa cha kupima nishati ya chembe kama protoni na nyutroni, iliyogawanywa katika vijiraba vidogo mno. Inaandaliwa kwa ajili ya mashine za kugonganisha chembe zitakazofuata baada ya ile iliyopo CERN, maabara ya kimataifa ya fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Chembe ya Higgs, inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi, ilitangazwa CERN Julai 2012. Kazi iliyobaki ni kuipima kwa usahihi, na hapo pana ugumu. Chembe nzito kama W, Z na Higgs yenyewe mara nyingi huvunjika na kutoa mikururo ya chembe nyingine. Nishati ya mkururo isipopimwa vizuri, W yenye masi ya GeV 80 na Z yenye GeV 91 hazitofautishiki (GeV ni kizio cha nishati ambacho pia hutumika kupimia masi ya chembe). Katika mkururo wa kawaida, asilimia 60 hivi ya nishati hubebwa na chembe zenye chaji, ambazo hupimwa vizuri zaidi zikipinda ndani ya sumaku. Asilimia 30 hivi ni fotoni, yaani chembe za mwanga. Asilimia 10 tu ndiyo ya hadroni zisizo na chaji, kama nyutroni, na hizo hazina kipimo kingine ila kalorimita. Kwa hiyo kila chembe ipimwe na kifaa kinachoiweza, na kalorimita iweze kusema alama hii imeachwa na nani.

Ukiwa mbali usiku, taa za wavuvi wa dagaa huonekana kama mwanga mmoja juu ya ziwa. Ukisogea ndipo unapozihesabu moja moja. Vijiraba vidogo huisogeza kalorimita namna hiyo.

Mwaka 2012 kundi la kimataifa liitwalo CALICE lilipima CERN kifaa cha majaribio chenye tabaka 48, kila moja mita moja kwa mita moja, likigawanywa katika vijiraba 9,216 vya sentimita moja kwa moja. Jumla yake inazidi vijiraba 440,000. Kati ya tabaka na tabaka kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho hadroni hukigonga na kumwaga chembe nyingine nyingi.

Ndani ya kila tabaka kuna vioo viwili vyembamba vyenye nafasi ya milimita 1.2 iliyojazwa gesi, na umeme wa karibu voti 7,000. Chembe yenye chaji ikipita, hung'oa elektroni chache kwenye gesi. Umeme huzivuta, nazo hung'oa nyingine mpaka linatokea poromoko. Kioo hakipitishi umeme kirahisi, hivyo poromoko hujizima palepale kabla halijawa cheche, na kijiraba kilicho nyuma ya kioo hupata ishara.

Jambo lililotuvutia kuliko yote ni jibu la kijiraba hicho. Hakitoi kipimo kamili cha chaji. Kina ngazi tatu tu: zimepita chembe chache, zimepita kadhaa, zimepita nyingi. Jibu la ndiyo au hapana lingepunja hesabu pale nishati inapokuwa kubwa, kwa sababu katikati ya mmwagiko chembe nyingi hupita kijiraba kimoja kwa pamoja. Kupima kila kitu kikamilifu nako kungeongeza gharama na umeme kwa vijiraba vyote hivyo. Ngazi tatu, kwa maoni yetu, ni uamuzi wa busara sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pale mezani karibu na mlango utaona vioo viwili tulivyokatiwa na fundi wa madirisha Mwanga. Kati yake tumepitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ulionunuliwa Kibirizi, ili nafasi iwe sawa pande zote. Hilo hatukulibuni sisi: katika jaribio la ALICE huko CERN, vigunduzi vya jamii hiyohiyo vimetenganishwa vioo vyake kwa mshipi wa nailoni, nafasi ikiwa robo milimita. Tunaomba uushike mshipi huo kwa vidole, wazazi nao waushike. Vioo vyetu havina gesi wala umeme. Ni vya kuonesha umbo tu.

Iko dosari ambayo hatutaki kuificha. Gesi kuu inayotumika ni R134a, ileile ya friji na viyoyozi vya magari. Ikivuja, kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Watafiti wanatafuta mbadala, na sisi tunaona kazi hiyo ina uzito uleule wa kutafuta chembe mpya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni vifaa. CERN imeweka wazi sehemu ya data zake kwa mtu yeyote, lakini klabu haina kompyuta wala intaneti ya uhakika ya kuzifungua. CERN pia huendesha shindano la Beamline for Schools, ambalo wanafunzi wa sekondari hupendekeza jaribio lao na washindi hupelekwa kulifanya kwenye maabara halisi. Tumeanza kuandika pendekezo. Tunaomba utusaidie kompyuta mbili na kifurushi cha intaneti cha mwaka, na utuunganishe na mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu chochote nchini alisome pendekezo letu na kutukosoa kabla hatujalituma.

Tunaomba kuwasilisha.