Mwanangu, Kuhusu Zile Riwaya Mnazopokezana Bwenini

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umesema matroni amekasirishwa na zile riwaya za nchi za baadaye, ambako watawala wanapanga nani ale na nani afe, hadi msichana wa umri wako anaposimama kuwapinga. Anaona zinawaharibu akili. Mimi sikubaliani naye, ila lipo jambo linaloniuma katika vitabu hivyo.

Kwanza nikupe haki yako. Ninyi mko katika umri wa kupangiwa kila kitu: saa ya kuamka, mchepuo wa kusoma, nywele zikatwe vipi, na mtihani mmoja unaoamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Kisha unakutana na kijana kitabuni anayewauliza wakubwa wamepata wapi mamlaka hayo. Lazima akushike, na swali lake ni la haki.

The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008, nimeisoma kwa ajili yako. Mapigano hayakunisimamisha. Kilichonisimamisha ni pale mtoto wa maskini anaporuhusiwa kuandikisha jina lake mara nyingi zaidi katika ile bahati nasibu ya kifo, inayochagua watoto wa kupelekwa kuuana mbele ya televisheni, ili nyumbani wapate nafaka na mafuta. Mtu wa Ugogo hahitaji kufafanuliwa hapo. Wazee wetu waliishi Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Ukame Wagogo walikuwa wakiujua tangu zamani. Walikuwa na akiba ghalani, na ng'ombe wa kubadilishana kwa nafaka na majirani. Safari ile vita vya Wazungu, Vita Kuu ya Kwanza, vilikuwa vimetangulia. Wajerumani walichukua mifugo, chakula na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Mvua ilipokatika hapakuwa na pa kukimbilia. Walikufa maelfu. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba watawala kuwaacha watu na njaa ni ndoto za waandishi, mweleze habari za kwenu.

Sasa linaloniuma. Vitabu hivi vinawalaani watu wa mji mkuu wanaokaa mbele ya televisheni kutazama watoto wakiuana. Lakini msomaji naye anafunua kurasa mbiombio kutaka kujua anayefuata kufa ni nani. Umeniandikia kwamba bwenini mnawekeana dau nani hatafika sura ya mwisho. Sentensi hiyo imenikosesha raha, mwanangu. Najua hamna ubaya. Kila sura imekatwa mahali pa kukuvuta uende nyingine, na mwandishi anajua kazi yake. Hata hivyo kifo cha mtoto kisiwe kitu cha kuchezea kamari, hata cha mtoto wa kubuni. Ukifika kwa yule anayeuawa katikati ya kitabu, ambaye hata jina hakupewa, funga kitabu kidogo. Mfikirie mama yake, na nani alimpelekea habari.

Tena wazazi! Katika nyingi ya riwaya hizi wamekufa, wamenyamaza, au wameuza watoto wao. Naelewa, bila hivyo kijana hapati nafasi ya kutenda. Lakini ukishiba hadithi hizo unaanza kuandika kama ulivyoniandikia, kwamba dunia imeshaoza na kusoma hakuna maana. Mtunya haikuisha kwa shujaa mmoja mwenye upinde kama yule wa Collins. Watu walikwenda kuhemea kwa ndugu na majirani wa mbali, wakarudi, wakatafuta mbegu, wakapanda tena uwele na mtama. Vitabu vyenu kazi hiyo vinaipitia haraka, kurasa chache za mwisho, ikiwa vinaigusa hata kidogo.

Mathias Mnyampala alizaliwa hapa Dodoma mwaka huohuo wa 1917. Kuna watu wazima waliomlisha mtoto yule katika miaka ile. Akakua akaandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka 1954, na ngonjera mnazoghani shuleni yeye ndiye aliyezipa nguvu. Natamani siku moja mtu aandike riwaya ya vijana juu ya watu kama wale waliomlisha. Pengine utakuwa wewe.

Nimekutafutia Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Humo mtu anahukumiwa kifo, anarushwa ndani ya chombo cha angani, na badala ya kufa anafika nchi ambayo watu wake wameshajijengea haki. Mwandishi anakaa nao na kueleza wanavyoishi. Wenzako wataona inakwenda polepole. Wasomee kwa sauti zile sehemu za mwanzo. Ukija likizo ya Juni tutabishana kama nchi ile inaaminika. Mimi naamini sehemu yake kubwa, na baba yako haamini hata kidogo.

Wadogo zako wanakusalimu sana.

Mama yako akupendaye