Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Maigizo cha Wanawake

Ndugu wanachama,

Naanza na mazoezi, maana huko ndiko tunakopoteza waigizaji. Mwanamke haachi maigizo kwa kukosa kipaji. Anaacha anapoitwa saa kumi jioni, akakaa kwenye benchi hadi giza likaingia, na zamu yake ikafika zimebaki dakika kumi. Kamati imefuta utaratibu wa kuita watu wote kila siku. Sasa meneja wa jukwaa anachora jedwali: matukio ya mchezo yanapangwa kwenda chini, wahusika kwenda pembeni, na penye mhusika panatiwa alama. Matukio yenye watu walewale yanafanyiwa mazoezi siku moja, hata kama katika mchezo yako mbalimbali. Wote pamoja huitwa wiki mbili za mwisho tu.

Watoto wanaokuja na mama zao wawe na mlezi mmoja asiyeigiza katika mchezo huo. Mwigizaji anayesubiri zamu hafai kuachiwa kazi hiyo, kwani akiitwa jukwaani watoto wanabaki peke yao. Vilevile, kila mhusika mkuu sasa ana mbadala, naye lazima asimame jukwaani mazoezini. Maneno atayakariri nyumbani, lakini asimame wapi, aingilie mlango gani na nani ampokee mzigo, hayo mwili ndio unaoyashika.

Jambo lililochukua muda mwingi wa kamati ni siri. Michezo yetu inatokana na simulizi za wanawake wenyewe, kama walivyofanya Sistren, kikundi cha maigizo cha wanawake wa Jamaica, tangu 1977. Katika mji mdogo, kumbadilishia mtu jina hakumfichi. Hadhira inamtambua kwa kazi yake, kwa idadi ya watoto wake, na zaidi ya yote kwa msemo anaopenda kuutumia. Kwa hiyo mhusika mmoja atajengwa kwa simulizi zisizopungua tatu, mfuatano wa mambo utavurugwa, na misemo ya mtu binafsi itaondolewa hata kama inapendeza masikioni. Waandishi wamelalamika kwamba mswada unapoteza ladha. Ni kweli wakati mwingine unapoteza, na bado nasimama na kanuni hii. Aliyesimulia atausikia mswada kabla ya mtu mwingine yeyote, na akitaka sehemu ikatwe, itakatwa bila kuulizwa sababu. Kukubali kusimulia si kukubali kuonyeshwa.

Kuhusu maigizo ya kushirikisha hadhira, tunafuata njia ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili. Mchezo wa dakika 15 hadi 20 unaigizwa mpaka mwisho wake mbaya, kisha unarudiwa. Katika marudio, mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" na kuchukua nafasi ya mhusika anayeonewa ili ajaribu njia nyingine. Panapoharibika ni pale mtazamaji anapochukua nafasi ya mume mkorofi na kumgeuza mpole papo hapo. Ukumbi unalipuka kwa makofi, lakini hakuna aliyejua afanye nini ikiwa mume habadiliki. Boal aliliita jambo hilo uchawi. Mwezeshaji asigombane na mtazamaji huyo, awaulize waliokaa, "Hili lingetokea kweli?" Wao wenyewe watalikataa. Anayeigiza mume naye asikubali kushindwa mapema: abishe, apandishe sauti, atafute visingizio, ila asimshike mtazamaji kwa nguvu kamwe.

Ukumbini, tatizo la umeme lina sababu ya wazi. Taa nne za wati 500 kwenye volti 230 zinavuta karibu ampea 9. Birika la chai la wati 3000 linavuta ampea 13 peke yake. Vikichomekwa kwenye waya mmoja wa kuongezea wenye fyuzi ya ampea 13, taa zitawaka vizuri kwa muda, kisha fyuzi itakatika mchezo ukiwa katikati. Chai ichemshwe kwa soketi ya njia nyingine, au kabla ya taa kuwashwa. Waya wenye kigurudumu ukunjuliwe wote, kwa sababu ukibaki umejiviringisha joto halina pa kutokea na ganda lake linaweza kuyeyuka.

Fedha zinaelezwa na mweka hazina. Mimi naongeza moja tu: vishina vya tiketi vihesabiwe na watu wawili usiku uleule wa onyesho, na wote wawili watie sahihi.

Nafasi ya meneja wa jukwaa iko wazi. Si lazima awe mwigizaji. Anahitajika mtu mwenye mwandiko unaosomeka, anayefika kabla ya wengine na asiyeona haya kumwambia mwongozaji kwamba muda umekwisha. Majina yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, yakiwa na ridhaa ya anayependekezwa.

Mwenyekiti