Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: Msanii aitwe kabla ya msingi kuchimbwa

Mstahiki Meya,

Kwa heshima kubwa ninakuandikia nikiwa mkazi wa jiji hili ambaye hupita Kariakoo karibu kila wiki, na jambo langu ni moja: nafasi ya msanii katika ujenzi wa masoko, stendi na bustani zetu.

Moto ulipoliteketeza Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, tuliwalilia wafanyabiashara waliopoteza mitaji yao. Mimi nililililia na paa. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alilibuni soko lile kutokana na gulio la chini ya mti, akalisimamisha kwa zege: nguzo zinazopanda na kutanda juu kama miavuli mikubwa iliyosimama bega kwa bega, na pande zikaachwa wazi ili hewa ipite katikati ya umati. Mwalimu Nyerere alilizindua mwaka 1975. Nguzo yenyewe ndiyo iliyokuwa sanamu, na mama aliyeshuka shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, kununua nyanya alinufaika na ubunifu huo bila mtu yeyote kumweleza kwamba pale pana sanaa.

Sanamu ya Askari iliyopo Mtaa wa Samora imesimama tangu 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ninaiheshimu sana, lakini wengi wetu tunaizunguka tukiwa ndani ya magari, wala haimpi mpita njia pa kuketi. Wapagazi walewale, Carrier Corps kama Waingereza walivyowaita, ndio waliotuachia jina la Kariakoo, na kwangu mimi kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ipo sokoni, chini ya miavuli ya Amuli, ambako mabega ya watu bado yanabeba magunia.

Siku hizi jengo la umma huchorwa, hujengwa na kukaribia kukabidhiwa, ndipo mchoraji anapoitwa apambe ukuta kabla ya mgeni rasmi kufika. Hapo ameshachelewa. Laiti mchongaji wa soko la vinyago la Mwenge, anayejua kiti kinavyoupokea mgongo wa mtu, angeketi na msanifu na mhandisi tangu mchoro wa kwanza, abiria wa daladala asingekalia bomba la chuma linalochoma saa saba mchana, na pengine kivuli kingekuwa pale watu wanaposimama kweli.

Ninaomba, Mstahiki Meya, kwamba zabuni ya kila eneo la umma imtaje msanii pamoja na msanifu kabla ya msingi kuchimbwa, naye alipwe kutoka katika fedha za ujenzi, si za sherehe ya uzinduzi. Kwa Kariakoo, ambako Serikali iliamua kulikarabati jengo la zamani badala ya kulibomoa, uamuzi ninaoushukuru kwa dhati, ninaomba nguzo zile zisizibwe kwa mabango wala vibanda, na jina la Beda Amuli lisomeke mlangoni, mahali ambapo mchuuzi na mteja wote hupita.

Nipo tayari kufika ofisini kwako siku yoyote utakayoniita.

Wako katika kulijenga jiji,
Mkazi wa Ilala